Sekuru Kwanza, Muziki Baadaye

Maneno haya niliyasema ku mkutano wa wanachama, hapa Lubumbashi. Komite iliniomba niyaandike juu ya wale ambao hawakufika, na juu ya wafadhili wetu walioko mbali.



Papa Prezida amenipa dakika kumi na tano, na wote munajua mimi nikishika mikro siiachi haraka. Kwa hiyo naingia moja kwa moja ku mambo ya feza. Ndani ya kesi yetu imebaki dola 900 ya kuongeza vyombo ku motokari yetu mpya ya kuran. Na tuko na listi mbili. Listi ya kwanza, ile muliyoipigia makofi mwezi uliopita, inasema: janti za kung'aa, redio kubwa, chuma cha kubebea mizigo juu, nguo za viti, na maandishi ya jina letu na ya wafadhili ku milango. Listi ya pili njo hii ninayo mkononi. Nimekuja kuwaomba tuchague hii ya pili.

Kabla hamujanizomea, nisikilizeni. Mimi pia nilipiga makofi. Na ile redio kubwa, aliyeipendekeza ni mimi mwenyewe.

Sasa niwaambie kilichonigeuza. Wiki tatu zilizopita, saa nne ya usiku, mvua inanyesha, tulipigiwa simu tuende kuchukua mama mja mzito upande wa njia ya Kipushi. Shofere wetu akaniita, tukaenda. Tulimpata, tukampakia pamoja na shangazi yake, tukageuza kurudi mjini. Hatukufika mbali. Kulikuwa shimo limejaa maji, mtu asingeweza kuliona. Mpira wa mbele ukapasuka ubavuni, mpasuko wa urefu wa kidole.

Tukafungua nyuma kutafuta sekuru. Hakuna. Motokari nyingi mpya za kuran zinatoka kiwandani bila gurudumu la akiba. Wanakuwekea chupa ya gundi na pompu ndogo. Sisi tuliipokea motokari, tukaimba, tukapiga picha, hakuna aliyeinua kile kifuniko cha nyuma kuangalia. Ile gundi inaziba tundu dogo la msumari pale mpira unapogusa barabara. Ubavu ukipasuka haisaidii kitu. Tuliisukuma ndani, ikatokea pale pale ku mpasuko, ikamwagika ku potopoto.

Batri ilikuwa na asilimia 64. Tulikuwa na kuran ya kwenda Kipushi na kurudi zaidi ya mara moja, na hatukuweza kusogea hata hatua kumi. Yule mama tulimpandisha ku pikipiki, kati ya mwenye pikipiki na shangazi yake, na mvua ile. Alifika. Mtoto ni mzima. Mama alipoteza damu nyingi, akalala lopitali siku tisa. Mama mkwe wake yuko hapa ndani, nimemwomba ruhusa kabla ya kusema. Aksanti, mama.

Tangu usiku ule, kila mtu akinitajia kitu cha kununua juu ya motokari, namuuliza swali moja: kitu hiki kitatusaidia siku gani? Kama siku yenyewe ni ya arusi, kingoje. Kama ni siku ile ya njia ya Kipushi, kije leo. Nilikaa na shofere, mekanisiye na elektrisiye, tukaandika vitu vyote vinavyoweza kutusimamisha. Njo vilizaa hii listi.

Cha kwanza ni sekuru. Gurudumu zima, la ukubwa sawa na yale manne. Mukienda kulinunua, musiangalie ukubwa peke yake. Muhesabu matundu ya bulo, mupime tundu la katikati, na musome ile namba ya uzito iliyoandikwa ubavuni mwa mpira. Motokari ya kuran ni nzito kuliko ya esanse ya kimo kile kile, kwa sababu ya batri. Mpira wa bei rahisi usiobeba uzito ule utatupasukia tena. Pamoja nayo tununue kriki nzuri. Chini ya ubavu wa motokari kuna mahali palipowekwa alama pa kutia kriki. Ukiitia pengine popote unaweza kubonyeza batri, na batri njo kitu cha bei kubwa kuliko vyote mu motokari nzima. Sekuru na kriki, dola 180.

Cha pili, pompu yenye kipimo cha upepo, na vile vifaa vya kwado vya kuziba tundu la msumari. Upepo ukipungua ku mipira, motokari inakula kuran zaidi, na mipira inaisha mbio. Shofere apime kila juma, asubuhi, kabla mipira haijapata moto. Dola 45.

Cha tatu kiko ku biro, si ndani ya motokari. Muliosikia harufu ya plastiki kuungua mwezi uliopita, haikuwa jirani anachoma takataka. Ilikuwa ralonji yetu. Mlinzi aliikuta imeanza kuyeyuka pale ku priza. Motokari hii inavuta kuran kwa saa nyingi bila kupumzika, haifanani na kuchaji simu. Ralonji nyembamba haivumilii, na ukiiacha imejikunja inapata moto zaidi. Tangu leo, hakuna ralonji.

Elektrisiye alitukuta na kosa lingine: nyumba yetu haina waya wa ardhi. Ndiyo sababu siku zingine motokari inakataa kuchaji, na sisi tunasema imeharibika. Haijaharibika. Inaona hakuna ardhi, inajilinda, na inatulinda na sisi. Dawa yake ni fimbo ya shaba inayopigwa chini, waya mnene kutoka ku kontere mpaka ku priza moja ya nguvu, disjonteri inayokata mara moja kuran ikivuja kwenda ku mwili wa mtu, na kile kisanduku kinachokata kuran ikipanda sana au ikishuka sana, kisha kinangoja itulie kabla ya kuirudisha. Wote tunajua kuran yetu ya hapa, inavyoondoka na inavyorudi kwa hasira. Kazi yote pamoja na vyombo, dola 160.

Papa mmoja aliniuliza: kwa nini tusinunue ile mashini kubwa ya ukutani inayochaji haraka? Swali zuri, tufanye hesabu. Priza ya 220 volti, ampere 10, inatoa wati 2,200. Batri yetu ni kilowati-saa 50. Kutoka sifuri mpaka kujaa ni karibu saa 23, na zaidi kidogo kwa sababu kuran nyingine inapotea njiani. Lakini nani anaanza na sifuri? Tukichomeka usiku saa nane tu, tunapata kilowati-saa 17 hivi, na safari zetu za kawaida za siku haziwezi kuimaliza. Mashini ya ukutani ya ampere 32 inataka laini ya kuibeba, na laini yetu haiwezi. Tuingoje.

Cha nne ni sahani ya chuma ya kulinda tumbo. Batri imelala chini ya sakafu, na njia zetu munazijua: mawe, reli, mashimo. Lakini hapa tuwe na akili. Sahani iwe ya aina ile ile ya motokari, ifungwe ku bulo za kiwandani, isizibe mahali pa kupitisha upepo wa kupoza. Mekanisiye akisema «nitatoboa kidogo hapa» ao «nitasudia hapa», mumwambie aksanti, na murudi na motokari nyumbani. Na zile waya za rangi ya machungwa, mtu asiziguse: ndani yake munapita kuran ya kuua. Dola 220.

Cha tano kinashangaza watu. Motokari ya kuran iko na batri mbili. Ile kubwa inaitembeza. Ile ndogo ya volti 12, sawa na ya motokari zote, inawasha ordinateri, kufuli na mataa. Ndogo ikikufa, kubwa inaweza kuwa imejaa kabisa na motokari isiwake. Kwa hiyo tununue kile kisanduku cha kuamsha batri ndogo, dola 70, na tusiongeze vyombo vya kuinyonya usiku. Redio yangu kubwa ingekuwa ya kwanza kuinyonya. Munaona, nimejifunga mwenyewe.

Cha sita: trianguli, gile za kung'aa mbili, taa ya kichwa, na kizima-moto, dola 40. Kile kizima-moto kidogo ni cha moto mdogo, wa kiti ao wa waya. Moto ukishika batri kubwa, musipigane nao. Tokeni wote, mukae mbali, muite wenye kazi yao.

Cha saba: mazulia ya mpira yenye kingo za juu, dola 50. Tunabeba wagonjwa. Kuna damu, kuna matapiko, kuna potopoto nyekundu ya mvua. Zulia la mpira unalitoa nje, unalimwagia maji, limekwisha.

Jumla ni dola 765. Inabaki 135, na ninaomba ikae ndani ya kesi, isiguswe, juu ya mpira utakaofuata. Maana utafuata.

Sasa vile tunavyoacha. Janti kubwa za kung'aa zinataka mipira yenye ubavu mfupi, na ubavu mfupi hauna huruma shimoni. Chuma cha juu kinapigana na upepo na kinakula kuran hata kikiwa kitupu. Tukipata mzigo siku moja, tukodishe. Nguo za viti nilizipenda, lakini motokari hii iko na mfuko wa upepo ndani ya ubavu wa kiti, na nguo iliyobanwa pale inaweza kuuzuia kufunguka siku ya ajali. Na kile kidude kinachouzwa sokoni, unachomeka ku tundu la sigara, eti kinaongeza kilometa: kinaongeza kilometa ku mfuko wa muuzaji.

Wafadhili wetu, nageukia kwenu kwa heshima. Muliomba jina lenu liandikwe ku milango, na ni haki yenu. Tutaliandika kwa karatasi ya kubandika, ya bei ndogo, komite itatafuta makuta yake pembeni. Lakini nawaambia kweli: usiku ule jina lenu lingekuwa limeandikwa vizuri sana ku motokari iliyosimama ndani ya maji. Afazali lisomeke na mtu aliyefika.

Kitu cha mwisho, kinachotuhusu sisi tuliorudi. Mimi nilikuwa kijana tulipotoka Zambia. Tulipanda mashua Mpulungu, tukashuka Moba. Munakumbuka yale mafurushi? Jirani yetu mmoja alileta redio kubwa ya kaseti, ameifunga ndani ya blanketi kama mtoto. Baba yangu alileta majembe matatu na nyundo, na mimi nilimwonea haya, nilitaka sisi pia tuwe na redio. Tulipofika, ile nyumba yetu ilikuwa imebaki kuta mbili. Ndani ya mwezi mmoja yule jirani alikuwa anakuja kuazima jembe. Baba aliazima, hakucheka. Jioni tulienda kwake kusikiliza redio, mpaka siku batri ziliisha.

Hii motokari nayo ni mrudiaji. Shaba ya kuzungusha mota yake ni kitu kama kile kinachochimbwa hapa hapa kwetu Katanga, kinaondoka ku malori kila siku mbele ya macho yetu, na mara chache sana kinarudi. Huyu amerudi. Tumpe jembe kwanza.

Kura ni yenu. Mkono juu kwa listi ya pili.



(Mikono 41 ilikubali, 6 ilikataa. Sekuru ilinunuliwa siku tatu baadaye. Redio inangoja.)