Kutoka Diwani hadi Mwakilishi Wadi

Wakazi wa Kibera na Kawangware, jijini Nairobi, hupiga kura sita katika uchaguzi mkuu, na moja humchagua mwakilishi wadi, mrithi wa diwani wa zamani. Nairobi ina wadi 85. Wadi ya Kawangware iko Dagoretti Kaskazini. Wadi za Laini Saba, Lindi, Makina na Sarang'ombe, huko Kibera, ziko katika eneo bunge la Kibra, lililomegwa kutoka Lang'ata kabla ya uchaguzi wa 2013.

Zamani madiwani walimchagua meya miongoni mwao. Mwaka 1983 serikali kuu ilivunja baraza la jiji na kukabidhi kazi zake kwa tume. Madiwani wa kuchaguliwa walirejea baada ya kura ya Desemba 1992.

Katiba ya 2010 iligeuza utaratibu huo wa madiwani kumchagua meya. Tangu 2013 gavana, aliyechukua nafasi ya meya, huchaguliwa na wananchi wenyewe, naye mwakilishi wadi huketi katika bunge la kaunti, akipitisha bajeti na sheria na kuikagua serikali ya kaunti. Uzoaji taka, zahanati, chekechea na barabara za mitaa humhusu mwakilishi wadi moja kwa moja.