Basi Linapokwaruza Tumbo: Matuta, Vivuko na Mashimo ya Barabara Zetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wakazi, madereva, wenye mabasi na wawakilishi wa shule katika kikao cha ushirikishaji wa umma kuhusu barabara za mashinani.)



Malalamiko ya matuta hufika kwa kaunti kutoka pande mbili, na mara nyingi hutoka kijiji kimoja. Mzazi anataka tuta mbele ya lango la shule kwa sababu magari hayapunguzi mwendo mtoto akivuka. Dereva wa basi la shule hiyohiyo anataka tuta liondolewe kwa sababu linamkwaruza tumbo kila asubuhi. Wote wawili wana haki. Leo yataelezwa mambo yanayofanya gari refu likwame mahali ambapo gari dogo linapita bila shida. Mtu akishaelewa hilo, ugomvi wa tuta liwepo au lisiwepo unapungua, na watu wanaanza kuzungumzia umbo la tuta lenyewe.

Wengi hudhani gari lililo juu haliwezi kukwaruza. Fundi akiinama na kupima kutoka ardhini hadi chini ya gari dogo la kawaida, atapata kama sentimita 15. Akipima basi kubwa likiwa tupu, tuseme atapata 25. Kwa macho, basi ndilo lililo salama. Lakini kuna kipimo cha pili ambacho watu hawakiangalii, nacho ni umbali kati ya tairi za mbele na za nyuma. Gari dogo lina kama mita 2.6. Basi refu lina mita 6 na zaidi.

Chukueni ubao mfupi na ubao mrefu, muuweke kila mmoja juu ya kichuguu, ncha mbili zikiwa na kimo kimoja kutoka ardhini. Ule mrefu ndio utakaogusa kichuguu katikati kwanza. Basi ni ule ubao mrefu.

Kwa hesabu, fikirieni barabara inayopanda sentimita 7 kwa kila mita moja, ikafika kileleni kisha ikashuka vivyo hivyo. Gari dogo likisimama juu ya kilele hicho, tairi za mbele upande huu na za nyuma upande ule, ardhi huinuka sentimita 9 hivi katikati yake. Lina nafasi ya 15, kwa hiyo linapita. Basi lenye mita 6.2 kati ya tairi likisimama hapohapo, ardhi huinuka karibu sentimita 22 chini ya tumbo lake. Likiwa tupu lina nafasi ya 25, linapita kwa shida. Likijaa abiria na mizigo, springi zikashuka sentimita 5 tu, nafasi inabaki 20. Hapo limekwama.

Ndiyo maana dereva huapa kwamba alipita mahali hapo asubuhi bila tatizo, na jioni basi likakaa kwa tumbo. Hasemi uongo. Asubuhi hakuwa amebeba watu 50 na magunia ya viazi.

Mabasi mengi ya humu nchini huundwa kwa kujenga bodi juu ya chasi ya lori. Chasi yenyewe huwa juu vya kutosha. Kinachoshusha tumbo ni buti za mizigo zinazoning'inizwa chini ya sakafu katikati ya tairi, ili abiria wapate pa kuweka masanduku. Kila sentimita ya buti inayoongezwa chini inapunguzwa kwenye nafasi ya kupita matuta. Shule au sako inayoagiza basi jipya ina haki ya kumwuliza mwenye karakana buti litashuka hadi wapi. Ni afadhali kuuliza kabla ya kulipa.

Jamaa wa basi katika shida hii ni yale magari-nyumba makubwa ya Marekani, ambayo familia hulala na kupika ndani yake. Mengi huzidi mita 10 kwa urefu, yana mkia mrefu nyuma ya ekseli, na chini ya sakafu yamefungwa matenki ya maji safi na ya maji taka. Wenye magari hayo wanalijua tatizo hili hata wengine hufunga magurudumu madogo ya chuma chini ya mkia, ili ukigusa ardhi ubingirike badala ya kuburutwa. Aliyewahi kuvunja bomba la maji taka mbele ya kituo cha mafuta hahitaji kuelezwa faida ya magurudumu hayo.

Mkia huo ndio jambo la pili, na hapa barabara zetu zina lawama. Basi refu lina mita 3 au zaidi za bodi nyuma ya tairi za nyuma. Tairi hizo zikishuka, mkia hushuka zaidi yao, kama upande mrefu wa pembea. Sasa angalieni mahali mashimo yanapochimbika. Mengi huwa mara tu baada ya tuta, pale tairi zinapotua kwa kishindo na maji ya mvua yanapotuama. Tairi za nyuma zikiingia katika shimo la sentimita 15, mwisho wa mkia hushuka karibu 23. Kama mkia ulikuwa sentimita 28 kutoka ardhini, zimebaki 5. Na wakati huohuo mkia uko juu ya tuta ambalo tairi zimetoka kulivuka. Hata tuta lililojengwa sawasawa, la sentimita 10, litaukwaruza. Dereva atalaumu tuta, kumbe kosa ni la shimo ambalo halikuzibwa. Anayejenga tuta bila kupanga mahali maji yatakapopita anatengeneza shimo la mwaka ujao.

Sasa tuje kwa tuta lenyewe. Tuta linalotumiwa katika nchi nyingi lilitokana na utafiti uliofanywa Uingereza katika miaka ya 1970. Lina urefu wa mita 3.7 kufuata barabara, na kimo cha sentimita 10 katikati, likipanda na kushuka polepole kama mgongo wa kobe. Gari likipita taratibu, halisumbuki sana. Likipita kwa kasi, abiria wanarushwa, na hilo ndilo kusudi lake. Linganisheni na matuta ambayo wakazi hujijengea usiku baada ya mtoto kugongwa: rundo la udongo na mawe lenye kimo cha sentimita 25 na upana usiofika mita moja. Gari dogo hulikwepa pembeni. Bodaboda hupita kwenye mwanya. Anayepata shida ni basi la shule, lori la maziwa, na ambulensi iliyombeba mama anayejifungua, ambayo hulazimika karibu kusimama kwenye kila rundo.

Hasira iliyojenga rundo lile inaeleweka. Mzazi aliyezika mtoto hawezi kuambiwa asubiri bajeti. Hata hivyo, hakuna anayeruhusiwa kuweka tuta barabarani bila kibali cha mamlaka inayosimamia barabara hiyo, na sababu si ubishi wa maofisa. Tuta lisilo na rangi wala kibao ni mtego kwa mwenye pikipiki usiku. Watu huanguka na kufa kwenye matuta yaliyojengwa kuokoa maisha.

Mtu akiuliza gharama ya kukwaruza ni nini, fundi yeyote anaweza kumjibu. Sampu ikitoboka, oili yote inamwagika, na dereva asipozima injini haraka, injini inakufa. Tenki la dizeli likipasuka, dizeli inatanda kwenye lami, na mwenye bodaboda anayefuata nyuma ndiye anayeteleza. Paipu ya upepo wa breki ikikatika, basi linajifunga breki lenyewe na kusimama hapohapo lilipo, iwe ni kwenye kona, katikati ya daraja, au juu ya reli.

Juu ya reli ndipo shida hii inapoua watu wengi kwa mara moja. Tarehe 7 Machi 2017, katika mji wa Biloxi, jimbo la Mississippi huko Marekani, basi lililowabeba wazee waliokuwa matembezini kutoka Texas lilipanda kivuko cha reli chenye mwinuko mkali. Tumbo likakaa juu ya kivuko, tairi zikashindwa kulivuta. Treni ya mizigo ikafika abiria wakiwa bado ndani. Wanne walikufa na wengine wengi wakajeruhiwa. Wachunguzi wa serikali ya nchi hiyo walipomaliza kazi yao, hawakumtwika dereva mzigo. Walisema kampuni ya reli na utawala wa mji hawakushirikiana kurekebisha kivuko ambacho kilijulikana kukwamisha magari mara kwa mara.

Vivuko hubadilika bila watu kugundua. Mafundi wa reli wanapotengeneza njia huongeza kokoto chini ya mataruma, na reli huinuka kidogo. Wakirudia kazi hiyo kwa miaka mingi, reli inaachana na barabara, na pande zote mbili zinabaki na miteremko mikali. Kipimo kinachotumiwa Marekani ni kwamba umbali wa mita 9 kutoka reli, uso wa barabara usiwe juu wala chini ya reli kwa zaidi ya sentimita 7 na nusu. Wakazi wa maeneo yanayopitiwa na reli ya zamani wanaweza kukitazama kivuko chao kwa jicho hilo. Lami yenye mikwaruzo mirefu myeupe karibu na reli ni ushahidi tosha kwamba matumbo ya magari yanagusa.

Dereva akikwama juu ya reli, asianze kubishana na gia. Abiria washuke mara moja, wote, waache mizigo. Waondoke relini, na kama treni inaonekana, wakimbie kwa mshazari kuelekea upande inakotoka, mbali na njia yake, kwa sababu vipande vya basi vitarushwa upande treni inakoelekea. Kondakta mmoja akimbie mbali kando ya reli kumpungia dereva wa treni. Treni ya mizigo huhitaji kilomita moja au zaidi kusimama, kwa hiyo kumpungia mtu aliye karibu hakusaidii.

Kwenye tuta la kawaida mambo ni mepesi zaidi. Kondakta ashuke aangalie. Abiria wakishuka, springi huinuka na zile sentimita chache zinarudi. Si aibu kuwaomba watu watembee hatua 20. Mabasi yenye springi za hewa huweza kuinuliwa, ila dereva akumbuke kuzirudisha kabla ya kushika kasi. Kuvuka kwa mshazari, tairi moja baada ya nyingine, husaidia gari refu, lakini ni pale tu barabara ikiwa wazi pande zote mbili.

Imebaki swali la nani wa kuambiwa. Katiba ya 2010 iliipa kaunti barabara za kaunti. Barabara kuu za kitaifa ziko chini ya KeNHA, za mijini KURA, za mashambani KeRRA, na vivuko vya reli ni lazima Shirika la Reli lihusishwe. Mwananchi halazimiki kukariri orodha hii. Apeleke ombi kwa ofisi ya msimamizi wa wadi, aandike mahali penyewe na alama iliyo karibu, na ofisi ndiyo itakayolifikisha panapostahili. Ombi likikaa bila jibu, mwakilishi wadi aulizwe katika kikao kama hiki, mbele ya watu, nalo jibu liandikwe.

Ombi lenye vipimo husikilizwa haraka kuliko lenye malalamiko matupu, na kupima ni rahisi. Watu wawili washike uzi uliokazwa, wenye urefu wa mita 6, ncha zote mbili zikiwa na kimo kimoja cha sentimita 20 kutoka ardhini, mmoja upande huu wa tuta au kivuko na mwingine upande ule. Uzi ukigusa ardhi katikati, basi lililojaa nalo litagusa. Wapige picha, waandike tarehe. Wafanye hivyo wakati hakuna magari, wakiwa na mtu wa kuangalia pande zote mbili, na juu ya reli wasipime kabisa. Huko ile mikwaruzo inatosha.

Walimu wakuu wenye mabasi wanaombwa wabaki kidogo baada ya kikao. Fundi wa karakana ya kaunti amekuja na uzi wake, na basi la shule liko nje, tupu. Litapimwa likiwa hivyo, kisha litapimwa tena likishajaa watu.