Majina ya Wanakikundi Yaandikwe Sawasawa



Kikundi kinapoomba mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, huambatisha orodha ya wanachama wake. Mara nyingi orodha hiyo imechapwa na watu mbalimbali: jina hili kwa herufi kubwa tupu, lile kwa ndogo, jingine mchanganyiko. Katibu hulazimika kuyachapa upya, na kila achapapo upya aweza kukosea.

Programu ya Excel yatuondolea adha hiyo. Jina likiwa katika kisanduku A2, andika katika B2 fomula =UPPER(A2), nalo litatoka kwa herufi kubwa zote. =LOWER(A2) hulishusha lote kuwa herufi ndogo. =PROPER(A2) hukuza herufi ya kwanza ya kila neno. Kisha buruta kona ya chini ya kulia ya B2 hadi mwisho wa orodha.

Walakini, PROPER haikijui Kiswahili. Kila herufi inayofuata alama isiyo herufi huikuza. Hivyo Ng'wandu hugeuka Ng'Wandu. VICOBA nayo hugeuka Vicoba. Kwa sababu hiyo, rai yangu ni kwamba katika orodha rasmi tutumie UPPER, ambayo haileti kasoro hiyo. Iwapo majina yana nafasi zilizozidi kati ya maneno, andikeni =UPPER(TRIM(A2)), nazo zitaondolewa.

Nawaonya jambo moja: msifute safu A mapema, kwani majina ya safu B huitegemea. Kwanza nakilini safu B, kisha mbandike thamani pekee, bila fomula. Hapo ndipo safu A yaweza kufutwa, ingawa ni busara zaidi kuitunza katika nakala nyingine.

Hatimaye, fomula hubadili ukubwa wa herufi, haisahihishi tahajia. Aliyeandikwa Mwajuma ilhali kitambulisho chake chasema Mwanajuma, atabaki na kosa lilelile, ila kwa herufi kubwa. Basi, kabla ya kuwasilisha orodha, isomeni mbele ya wanakikundi, kila mmoja athibitishe jina lake akiwa na kitambulisho mkononi. Jina la mtu ni heshima yake, na katika karatasi za mkopo ndilo linalomtambulisha.