Mbuzi Mwenye Mimba na Mbuzi Mwenye Maji



Tumetakiwa tuseme machache juu ya mashine ya altrasaundi, ambayo wengi wenu mmekwisha kuiona ikipitishwa tumboni mwa mbuzi wenu. Yafaa tuanze na kosa letu wenyewe. Katika mwaka wetu wa pili tulikubali mbuzi mmoja wa maziwa auzwe kwa mchinjaji, kwa kuwa tulimhesabu tasa. Alipopasuliwa, walionekana watoto wawili. Mwenyewe alikuwa mjane, na mbuzi yule ndiye aliyekuwa akiba yake. Hatukuwa na neno la kumwambia.

Siku zile tulitegemea dalili. Mbuzi aliyepandwa asiporudi kumtaka beberu baada ya siku 21, tulisema ana mimba. Dalili hiyo si mbaya, lakini hudanganya. Yuko mbuzi ambaye mfuko wake wa uzazi hujaa maji pasipo mtoto: harudi kwa beberu, tumbo lamvimba, nasi twamlisha pumba miezi mitano, kisha siku moja amwaga maji bandani, basi! Mimba hii ya uwongo huwapata hasa mbuzi wa maziwa. Mashine huitambua, kwani maji huonekana meusi matupu. Bali penye mimba ya kweli huonekana mtoto, moyo wake ukipiga, na vifundo vya kondo vilivyo mfano wa vikombe. Daktari wa mifugo akijua mapema aweza kumchoma sindano ya kuyatoa maji, mbuzi akapandwa tena.

Wapo waliouliza kama mashine yadhuru. Haina miali, hupeleka sauti isiyosikika na sikio, na mwangwi wake ndio unaochorwa katika kioo. Huwekwa upande wa kulia, karibu na kiwele, maana kushoto kumekaliwa na tumbo kubwa la majani.

Jibu la kuaminika hupatikana kuanzia kama siku ya 35. Kuhesabu watoto kwafaa kati ya siku 45 na 90. Baadaye huwa wakubwa hata hawaenei katika kioo. Aliye na pacha huongezwa chakula katika wiki sita za mwisho, kwani akipungukiwa nguvu huweza kulala asiinuke, akafa pamoja na wanawe.

Hapa mtusamehe tukiwagombeza. Mwanachama huleta mbuzi asijue siku aliyopandwa! Akipimwa siku ya 20 huenda akaonekana mtupu, akauzwa kama yule wa mjane. Kwa hiyo Halmashauri imeamua kwamba mbuzi aliyeonekana mtupu asiuzwe mpaka apimwe tena baada ya mwezi mmoja.

Mashine itakuwa ghalani kila Jumanne, tangu saa mbili asubuhi. Mbuzi asilishwe asubuhi hiyo kabla ya kupimwa, na daftari lake lije pamoja naye.