Mfupa Ulioungua Bado Una Habari

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Masama)



Jambo nitakalosema si la sherehe, lakini linahusu mabweni.

Juni 1994 bweni la shule ya Shauritanga, Rombo, katika mlima wetu huu huu, liliungua usiku na wasichana wapatao 40 wakafa. Mwaka 2001, kule Kyanguli, Kenya, walikufa wavulana 67, na wengi wakazikwa pamoja shuleni. Kwetu mtu huzikwa kihambani, penye migomba ya baba yake. Mzazi asiyejua mabaki yapi ni ya mwanawe atapeleka nini kihambani?

Ndugu zangu, moto wa nyumba haumalizi mfupa. Kwanza mfupa huwa wa kahawia, kisha mweusi kama mkaa, kisha kijivu, na joto likipita kiasi cha nyuzi 700 huwa mweupe. Rangi hizo humwonyesha mtaalamu mahali moto ulipozidi. Humwonyesha pia tumaini lililobaki: mfupa wa kahawia, na pengine hata mweusi, unaweza kutoa vinasaba, ule mweupe kwa kawaida hautoi. Mfupa hupungua na kupinda, kwa hiyo kukadiria urefu wa marehemu ni kazi ya hadhari. Mizizi ya meno, iliyohifadhiwa ndani ya taya, mara nyingi husalimika.

Lakini mfupa mweupe huvunjika kama chaki. Hasara kubwa huweza kuja baada ya moto, watu wanapoingia na majembe na mareki kwa nia njema. Tukiisha kuokoa walio hai na kuzima moto, tuzungushe kamba, tuweke walinzi, tusiokote kitu. Mahali mfupa ulipolala ni nusu ya jibu.

Nusu ya pili ni majina. Agosti 2019 lori la mafuta lilipowaka Msamvu, Morogoro, na kuua watu zaidi ya 100, ndugu waliitwa watoe sampuli za kulinganisha vinasaba. Lakini utamwita mzazi yupi, kama hujui nani alikuwamo?

Hapo nina ungamo. Zamani zetu tulibadilishana vitanda ovyo, na mwenzetu akitoroka kwenda dansi tulimwitikia jina. Tulicheka sana. Leo najua kwamba bweni lingeungua usiku ule, mama mmoja angemlilia mtoto aliye hai, na mwingine angemtafuta wake katika kitanda kisicho chake.

Kwa hiyo, viranja, andikeni kila usiku nani yumo na analala kitanda gani, na nakala ikae ofisini, si bwenini. Tena mlango wa bweni usifungwe kwa nje kamwe. Daftari humsaidia aliyekufa. Mlango humwokoa aliye hai, nao ndio wa kwanza.