Hatua za al-Khwarizmi



Wahitimu wa Hisabati na Kompyuta, neno algoriti mmelitamka karibu kila siku hapa chuoni. Asili yake ni jina la mtu. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi alifanya kazi Baghdad katika karne ya 9, zama za Khalifa al-Ma'mun. Aliandika kitabu cha kuhesabu kwa tarakimu za Kihindi. Kilipofasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, jina lake likaandikwa Algorizmi, na Ulaya wakaziita hesabu zenyewe kwa jina hilo. Kitabu chake kingine ndicho kilichotupa aljebra.

Nataka mtazame alivyofundisha katika kitabu hicho cha aljebra. Hakutumia herufi wala alama, alieleza kwa maneno tu. Mraba wa namba ukijumlishwa na mizizi yake kumi, yaani namba hiyo mara kumi, unapata 39. Je, mzizi ni ngapi? Chukua nusu ya idadi ya mizizi, yaani 5. Zidisha kwa yenyewe, upate 25. Ongeza 39, iwe 64. Kipeuo chake cha pili ni 8. Toa 5, inabaki 3. Kisha akachora mraba kuthibitisha kwamba hatua hizo ni za kweli. Hata asiye msomi wa hesabu aliweza kuzifuata moja baada ya nyingine.

Tena hakuwa akicheza na namba. Sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu wasia na mirathi: mwanamke kafariki, kaacha mume na watoto, kausia fungu kwa mtu wa nje, nani apate kiasi gani? Nyote mmeona ndugu wakifarakana kwa mgao wasiouelewa. Mrithi aliyeonyeshwa hatua zote anaweza kulihakiki fungu lake mwenyewe.

Baadhi yenu mtaandika algoriti za kuamua nani apewe mkopo kwa simu na nani anyimwe. Mama lishe aliyenyimwa atauliza kwa nini. Nawasihi, msimjibu kwamba mfumo umekataa. Mwonyesheni ni hatua gani iliyomkwamisha, na kama ina kosa, irekebisheni. Na pale mashine inapokuwa imejifunza yenyewe kutoka kwenye data, kiasi kwamba hata ninyi hamwezi kuitaja hatua hiyo, mwambieni mwajiri wenu waziwazi, kabla mfumo haujaanza kutumika, kwamba maombi yaliyokataliwa lazima yapitiwe na mtu.