Mamlaka ya Rais na Mipaka Yake

Ndugu katika imani wa Bukoba na Muleba,

Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, Desemba 9, 1962, madaraka ya utendaji yaliwekwa mikononi mwa Rais. Mwaka 1965, baada ya Muungano, mfumo wa chama kimoja ukawa sheria. Mwaka 1984 Katiba ikaweka ukomo wa vipindi viwili, na mwaka 1992 vyama vingi vikarejea. Muda ukawekewa mpaka. Upana wa madaraka ukabaki. Hadi leo Mkuu wetu wa Mkoa na Wakuu wetu wa Wilaya huteuliwa na Rais, wala hatuwapigii kura.

Je, tutegemee wema wa mtu tu? La! Uongozi ni amana. Ikiwa deni huandikwa hata kwa mwaminifu, madaraka juu ya umma yastahiki zaidi kuandikiwa mipaka.

Wabillahi tawfiq.